Si Macho Yako: Herufi Ndogo Katika Kompyuta ya Kioo Kidogo

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni

Mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu jambo ambalo likitajwa kwa haraka laonekana dogo, lakini linawachosha watu wengi wanaoishi kwa kusoma na kuandika. Jambo lenyewe ni maandishi madogo mno katika kompyuta za kupakata zenye kioo kidogo, hasa zile zinazoendeshwa na Linux, programu endeshi isiyouzwa ambayo Linus Torvalds wa Ufini aliianzisha mwaka 1991.

Malalamiko ni haya. Mtu amepata kompyuta ndogo, nyepesi, ya kuingia mkobani. Anaiwasha, inawaka vizuri. Lakini maandishi anayoyaona ni kama safu ya sisimizi. Anasogeza uso mbele, anakunja paji, na baada ya nusu saa shingo inauma na kichwa kinagonga. Hapo ndipo hukumu zinapoanza kutolewa. Mmoja husema macho yake yamekwisha. Wa pili husema ameuziwa kompyuta mbovu. Wa tatu husema Linux ni ya mafundi, haikuumbwa kwa ajili ya karani wala mwalimu. Mwisho wake kompyuta inarudishwa kabatini, na kazi inarudi kwenye karatasi au inapelekwa kwa mtu mwingine kwa malipo.

Hukumu zote tatu, mara nyingi, si za haki. Macho hayajaharibika kwa usiku mmoja. Kioo si kibovu. Huenda ni bora kuliko vioo vingi. Na Linux inao uwezo wa kukuza maandishi bila gharama hata ya senti moja. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: hakuna aliyeiambia kompyuta kwamba kioo chake ni kidogo, na kwamba mbele yake ameketi binadamu. Neno letu la leo basi ni hili: kompyuta ndiyo impasayo kumfuata mtu, na iko njia sahihi ya kuifanya imfuate. Ziko pia njia mbili za mkato zinazotumiwa na wengi, na zote mbili huleta hasara.

Kwa nini tuyazungumze haya sasa? Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyoirithi, haikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018, hata kama kompyuta hizo bado ni nzima kabisa. Mashirika ya ng'ambo yanapoziondoa maofisini mwao, baadhi yake huishia katika maduka ya kompyuta zilizotumika huku kwetu. Linux inaweza kuzipa uhai wa miaka mingine kadhaa. Mwanafunzi, mwalimu au mfanyabiashara mdogo anaweza kujipatia chombo cha maana kwa bei anayoimudu. Lakini ikiwa mtu huyo atashindwa kusoma kilichoandikwa kiooni, uhai huo mpya unamfaa nini?

Tuchukue mfano mmoja halisi. Iko kompyuta iitwayo ThinkPad X250, iliyotoka mwaka 2015. Ni moja ya zile zisizokubaliwa na Windows 11, na inaendeshwa vizuri na Linux. Kioo chake kina inchi 12.5 kikipimwa kutoka pembe hadi pembe, yaani upana wake ni karibu sentimita 28. Sasa, kompyuta hiyo ilitolewa ikiwa na vioo vya namna tofauti. Kimoja kina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Kingine kina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Kwa nje, mtu hawezi kutofautisha kompyuta hizo mbili. Ukiziwasha zote bila kugusa chochote, ya kwanza utaisoma bila shida kubwa, na ya pili itakutoa machozi. Kumbe ya pili ndiyo yenye kioo bora!

Fumbo hili linafumbuliwa na zile nukta. Picha yoyote unayoiona katika kompyuta imeundwa kwa nukta ndogo ndogo za mwanga, ambazo mafundi huziita pikseli, zilizopangwa kwa safu kama shanga. Kioo cha kwanza kina nukta kama 125 katika kila inchi moja. Cha pili, kwa kuwa kimejaza nukta nyingi zaidi katika nafasi ile ile, kina nukta kama 176 katika kila inchi. Nukta nyingi ni jambo jema, kwa sababu herufi inachorwa laini na kingo zake hazina meno. Tatizo linakuja pale programu inapoamua kwamba herufi fulani itakuwa na kimo cha nukta 16, basi, bila kuuliza nukta hizo zina ukubwa gani.

Tupige hesabu kidogo. Wapiga chapa hupima herufi kwa pointi, na pointi 72 hufanya inchi moja. Herufi ya pointi 12, ambayo ndiyo ya barua nyingi za ofisi, huchukua moja ya sita ya inchi, yaani milimita 4.2. Katika kioo chenye nukta 96 kwa inchi, kimo hicho ni sawa na nukta 16. Lakini katika kioo chetu chenye nukta 176 kwa inchi, nukta hizo hizo 16 zinachukua milimita 2.3 tu. Kwa hiyo herufi inayojiita ya pointi 12 inakufikia machoni ikiwa kama ya pointi 6 na nusu. Ni kama kuandikiwa barua nzima kwa maandishi ya masharti yaliyochapwa nyuma ya tiketi. Hapo si macho yako yaliyopungua, ni herufi iliyopunguzwa.

Labda msikilizaji atauliza: hiyo 96 imetoka wapi? Ni urithi. Kompyuta ya Macintosh ilipotoka mwaka 1984, iliwekewa nukta 72 kwa inchi ili kilichoonekana kiooni kilingane na kilichochapwa karatasini. Windows ikachukua nukta 96. Mazoea hayo yakaenea, na Linux nayo ikayapokea. Wakati huo vioo vya mezani havikutofautiana sana, kwa hiyo aliyeandika programu aliweza kuhesabu nukta badala ya milimita na asikosee kwa kiasi kikubwa. Vioo vikabadilika, mazoea yakabaki.

Tena mtu anaweza kuuliza: kwa nini kompyuta isijipime yenyewe? Kwa kweli kioo hubeba ndani yake taarifa fupi ya kielektroniki, mfano wa cheti cha kuzaliwa, inayotaja upana na kimo chake. Shida ni kwamba cheti hicho si cha kuaminika sikuzote. Baadhi ya vioo na televisheni hutaja vipimo visivyo vya kweli. Mashine ya kurushia picha ukutani ndiyo kabisa: yenyewe haijui kama ukuta uko mita 2 au mita 6 mbele yake, sasa itataja upana gani? Kwa sababu hizo watengenezaji wa Linux waliona ni salama zaidi kushikilia 96 kwa kila kioo, na kumwachia mwenye kompyuta kazi ya kurekebisha.

Wako waliojaribu kusaidia. GNOME, ambayo ndiyo sura ya Linux inayoonekana katika kompyuta nyingi za Ubuntu na Fedora, kwa miaka mingi ilikuwa ikipandisha maandishi yenyewe hadi asilimia 200 pale inapokuta kioo chenye nukta 192 kwa inchi au zaidi, yaani 96 mara mbili. Tazama sasa kompyuta yetu ya nukta 176 ilivyonaswa. Nukta zake ni nyingi mno kwa asilimia 100, lakini hazijafika kiwango cha kuhurumiwa. Imekaa katikati, na aliyekaa katikati husahauliwa na pande zote mbili. Ndiyo maana malalamiko hutoka zaidi kwa wenye kompyuta ndogo za nukta 1920 kwa 1080. Wenye vioo vya gharama kubwa, vyenye nukta nyingi kupindukia, kompyuta zao hujikuza zenyewe.

Sasa tuzitazame zile njia za mkato. Ya kwanza ni kupunguza idadi ya nukta. Mtu anaingia katika Mipangilio, anaondoa 1920 kwa 1080 na kuweka 1366 kwa 768. Mara maandishi yanakua, naye anashangilia. Lakini kioo hakikubadilika. Nukta zake ni zile zile 1920, zimeganda mahali pake. Kompyuta sasa inalazimika kuitandaza nukta moja ya picha juu ya nukta 1.4 za kioo, na nukta haikatwi vipande. Kwa hiyo inakisia, inachanganya rangi za jirani, na herufi zinapata ukungu. Mtu ameondoa udogo akaleta ukungu, na macho yanaendelea kuchoka kwa sababu nyingine. Tena amekitupa kile kilichofanya kioo chake kiwe bora kuliko cha jirani.

Njia ya pili ya mkato hutokea wakati wa kuandika barua. Mtu hawezi kuona herufi za pointi 12, kwa hiyo anaipandisha barua yenyewe hadi pointi 18. Kiooni inasomeka vizuri. Anaipeleka kuchapwa, na barua iliyopaswa kuwa ya ukurasa mmoja inatoka kurasa mbili, kwa herufi za tangazo la mkutano wa hadhara. Kama ni barua ya kuomba kazi, aliyeipokea hajui habari za nukta. Anaona tu mwombaji asiyejua kupanga ukurasa. Kosa hapa ni kuchanganya vitu viwili: ukubwa wa herufi karatasini, na ukubwa wa picha ya karatasi hiyo kiooni. Katika LibreOffice, ukishikilia kitufe cha Ctrl na kuzungusha gurudumu la kipanya, karatasi inasogezwa karibu nawe lakini haibadiliki. Itachapwa kwa pointi zile zile 12.

Njia iliyo sahihi ni kuacha nukta zote 1920 zifanye kazi yake, na kuiamuru kompyuta ichore kila kitu kwa nukta nyingi zaidi. Herufi iliyochorwa kwa nukta 16 ichorwe kwa nukta 20 au 24. Hilo ndilo linaloitwa ukuzaji, nalo hupimwa kwa asilimia. Kwa 125, kilichokuwa nukta 100 kinakuwa nukta 125. Kwa 150, kinakuwa nukta 150. Herufi inakua, na kwa kuwa imechorwa upya kwa nukta halisi za kioo, inabaki kali.

Je, uchague asilimia ngapi? Mtu anaweza kudhani jibu ni kugawa 176 kwa 96, apate 1.83, yaani karibu 183 kwa mia. Lakini hapo tumesahau umbali. Wanaotunga kanuni za kurasa za intaneti walipotaka kuieleza nukta ya kawaida, waliichukua nukta ya kioo cha 96 inayotazamwa kwa umbali wa inchi 28, yaani sentimita 71. Kompyuta ya kupakata haikai mbali hivyo. Wengi huitazama kwa sentimita 50. Ukizidisha 1.83 kwa 50 na kugawa kwa 71 unapata 1.29. Kwa hiyo asilimia 125 inatosha kwa mtu huyo, na 150 ni ya raha zaidi.

Hesabu hiyo ina jambo la kuwafaa wazee wetu. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, jicho la binadamu hupoteza polepole uwezo wa kujikaza kwa vitu vya karibu. Ndiyo maana utamwona mtu mzima akisoma gazeti ameunyoosha mkono. Mbele ya kompyuta naye hufanya vivyo hivyo: hurudi nyuma hadi sentimita 60 au zaidi. Rudia hesabu kwa sentimita 60 utapata 1.55. Kijana na baba yake, wakitumia kompyuta ile ile, hawahitaji asilimia moja. Kijana akimwambia baba, "Mbona mimi naona?" anasema kweli, lakini ukweli wake haumsaidii mzee kusoma.

Kwa nini basi kila mtu asiweke 200 akapumzika? Hapa ndipo udogo wa kioo unapodai haki yake. Ukikuza vitu, nafasi ya kuviweka inapungua. Kwa asilimia 125, kioo cha nukta 1920 kwa 1080 kinabaki na nafasi ya kazi kama ya kioo cha 1536 kwa 864. Kwa 150, inabaki 1280 kwa 720. Kwa 200, inabaki 960 kwa 540 tu. Katika nafasi hiyo ya mwisho madirisha mengi hayaenei. Unafungua dirisha la kuweka mipangilio, na vitufe vya chini, vile vya kukubali au kukataa, vinazama nje ya kioo. Umepata herufi za kuonekana kama bango, lakini huna mahali pa kubofya. Ni sawa na kununua kabati kubwa kwa chumba kidogo: kabati linaingia, mlango haufunguki.

Utekelezaji wenyewe si mgumu. Katika GNOME, fungua Mipangilio, nenda sehemu inayohusu kioo, utafute mahali palipoandikwa asilimia 100 na 200. Katika Ubuntu, tangu toleo la mwaka 2020, kipo hapo kiwashio cha kuruhusu asilimia za katikati. Ukikiwasha, zinatokea 125, 150 na 175. Linux Mint nayo, katika sura yake iitwayo Cinnamon, iliongeza uwezo huo mwaka huo huo wa 2020. Wenye KDE Plasma wataona kipimo cha kuvuta, katika sehemu hiyo hiyo ya kioo. Chagua asilimia, utaulizwa kama unataka kuibakiza. Usipojibu, baada ya muda mfupi kompyuta inarudi ilikokuwa, kwa hiyo usiogope kujaribu.

Iko pia njia nyepesi zaidi, nayo yafaa sana kwa kompyuta zenye nguvu ndogo. Ni kukuza maandishi peke yake, na kuacha picha na vitufe karibu na ukubwa wake wa zamani. Katika GNOME, ingia sehemu ya mahitaji maalumu, yenye alama ya mtu aliyenyoosha mikono, uwashe maandishi makubwa. Herufi zitakua mara 1.25. Anayetaka kipimo kingine aandike amri ifuatayo katika dirisha la amri. Redioni isingesomeka vizuri, lakini gazetini inachapwa kama ilivyo:

gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.4

Hiyo 1.4 unaweza kuibadili upendavyo, 1.0 ni kurudi mwanzo. Wenye Xfce, sura nyepesi inayopendwa kwa kompyuta za zamani, waingie sehemu ya mwonekano, upande wa fonti, wabadili ile namba 96 tuliyoieleza. Ukiweka 120 umepata asilimia 125, na ukiweka 144 umepata 150. Funga programu ulizokuwa umezifungua, uzifungue tena, na mabadiliko utayaona.

Nimesema njia hii ni nyepesi, na sababu yake inafaa ieleweke. Programu nyingi za Linux kwa muda mrefu zilijua kujikuza kwa namba nzima tu: mara 1 au mara 2. Ukitaka mara 1 na nusu, kompyuta hufanya ujanja. Huchora kila kitu kwa mara 2 katika turubai kubwa isiyoonekana, kisha huifinya turubai ili ienee kiooni. Kwa kioo chetu, turubai hiyo ni ya nukta 2560 kwa 1440. Zidisha, utaona ni nukta zaidi ya milioni 3.6, badala ya milioni 2 na kitu. Kazi imeongezeka kwa zaidi ya robo tatu, na betri ndiyo inayolipa. Tena kufinya kunaacha ukungu kidogo. Novemba 2022 ilikubaliwa kanuni mpya inayoiwezesha programu kuambiwa moja kwa moja, "jichore mara 1 na nusu," bila kupitia turubai, na KDE Plasma iliitumia katika toleo lake la mwanzo wa mwaka 2023. Kwa hiyo mwenye toleo jipya la Linux anapata matokeo mazuri kuliko mwenye la zamani, katika kompyuta ile ile.

Ikiwa baada ya kukuza utaona programu moja tu ina ukungu na nyingine zote ni kali, usiishtaki kompyuta. Linux ina mifumo miwili ya kuchorea. Wa zamani unaitwa X, ulioanzia chuo cha MIT huko Marekani mwaka 1984. Mpya unaitwa Wayland, ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008. Programu iliyoandikwa kwa X inaweza kutumika ndani ya Wayland kwa kupita daraja maalumu. Mara nyingi huchorwa ndogo kisha huvutwa, kama picha ya pasipoti iliyokuzwa iwe ya ukutani. Dawa yake ni kutafuta toleo jipya la programu hiyo, lililoandikwa kwa Wayland.

Tofauti ya mifumo hii inawahusu pia walimu na wasemaji wa mikutano wanaounganisha kompyuta ndogo na mashine ya kurushia picha. X kwa kawaida hutumia kipimo kimoja kwa vioo vyote. Ukikuza kwa ajili ya kioo chako kidogo, ukutani vitu vinakuwa vikubwa kupita kiasi. Wayland hukipa kila kioo kipimo chake: 150 mezani kwako, 100 ukutani. Fanya mpango huo kabla wanafunzi hawajaketi, si baada ya kuketi.

Haitakuwa haki kuwasahau wenye shida ya upande wa pili, yaani wenye vioo vidogo vyenye nukta chache. Mwaka 2007 ilitoka kompyuta ndogo ya Asus Eee PC, yenye kioo cha inchi 7 na nukta 800 kwa 480, nayo iliuzwa ikiwa na Linux. Kioo kama hicho hakihitaji kukuzwa, hakina nafasi. Vilevile kile cha ThinkPad chenye nukta 1366 kwa 768 hakipendi ukuzaji mkubwa. Dirisha likizama chini, shikilia kitufe cha Alt, au kile chenye alama ya Windows kwa wenye GNOME, kisha ulivute dirisha kwa kulishika popote pale katikati; litapanda juu, na vitufe vilivyozama vitaonekana. Kwa kurasa za intaneti, Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha hukuza ukurasa huo peke yake, na Ctrl pamoja na sifuri huurudisha.

Ndugu msikilizaji, mambo haya yote yanaweza kufanyika kwa dakika 10. Kwa hiyo tunatoa ombi kwa wale wanaowapa wengine kompyuta: muuzaji wa dukani, fundi anayeweka Linux, mwalimu anayesimamia chumba cha kompyuta shuleni. Usimkabidhi mtu kompyuta kabla hujamketisha mbele yake na kumwambia asome. Atakaa kwa umbali gani? Anasoma bila kuinama? Kama hapana, mkuzie, na umwonyeshe ulipopita ili naye aweze kubadili mwenyewe. Fundi mwenye macho ya miaka 22 asiwe kipimo cha macho ya mteja wa miaka 50.

Na wewe mwenye kompyuta, kaa wima, egemea kiti, weka kioo mbele yako kama kawaida, kisha soma. Panda kutoka 100 hadi 125, kutoka 125 hadi 150, ukome pale unaposoma bila kujitahidi na madirisha bado yanaenea. Ikiwa hata kwa 150 herufi bado zinacheza, au unaona tabu hata kusoma gazeti hili, hapo sasa ni zamu ya macho. Nenda kapimwe, maana miwani nayo ni chombo cha kazi. Lakini anza na kompyuta. Ni rahisi zaidi kubadili namba moja katika Mipangilio kuliko kuibebesha shingo yako mzigo wa miaka.

Hadi juma lijalo, kwaherini.